Jirani Aliyelipwa Kuogopa

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana mtaa mzima unaujua, na nisipousema mimi watausema wao na kuuongezea chumvi. Nilichomoa laini ya simu kwenye kisanduku kinachoulinda moyo wangu, nikaiweka kwenye simu yangu, nikaangalia mpira.

Sasa nijieleze, ingawa mke wangu anasema sina cha kujieleza. Moyo wangu ni mvivu kama mwenyewe. Ulifika wakati ukawa unasahau kupiga. Nilikuwa naanguka uani nikiwa na bakuli la pumba mkononi, na nikizinduka nakuta kuku wanadonoa kifuani pangu kama mezani. Nikapelekwa Dodoma, nikachanwa kidogo hapa chini ya mtulinga wa kushoto, nikawekewa kifaa chenye ukubwa wa kiberiti kilichokanyagwa, na waya wake ukaingizwa hadi moyoni. Moyo ukisahau, kifaa kinaugutua. Nikapewa na kisanduku cha kuweka kando ya kitanda. Usiku nikilala, kisanduku kinazungumza na kile kifaa cha kifuani bila waya wowote, halafu kinawatumia madaktari habari zangu kwa mtandao wa simu. Ndiyo maana ndani yake mna laini.

Mtu anayeshinda nyumbani kama mimi, aliyeishia kidato cha nne, mwenye kazi ya kufuga kuku na kubishana na redio, usimwonyeshe laini yenye bando lisiloisha ambayo mchana kutwa imelala.

"Si inafanya kazi usiku tu?" nilimwambia mke wangu. "Mchana nitaiazima."

"Azima," akasema. "Ukifa usiniite."

Tatizo si kuazima. Tatizo ni kwamba usiku nilisahau kuirudisha, na usiku uliofuata pia.

Ndipo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akagonga geti mchana kweupe. Tulikuwa tunafahamiana kwa miaka. Nilijua ni injinia wa mambo ya kompyuta, na mtaa wote ulimwita hivyo hivyo, Injinia. Injinia wa nini hasa, sikuwahi kuuliza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu, Injinia."

"Kisanduku chako cha moyo kinashabikia timu gani?"

Nikacheka, maana utani ulikuwa desturi yetu. Kisha nikamtazama vizuri. Alivaa ndala mbili zisizofanana. Midomo ilikuwa imemkauka. 

"Nilidhani umekufa," akasema. "Usiku kimya. Mchana kinaangalia mpira. Nikasema basi, kaka amekufa, na mwizi ameondoka na kisanduku."

Akakaa palepale kwenye mchanga, akalia. Mimi nikabaki nimesimama na simu mkononi, timu yangu inafungwa.

Hivyo ndivyo nilivyojua kazi yake. Kampuni iliyotengeneza kisanduku changu na kile kiberiti cha kifuani ndiyo iliyomwajiri. Mke wangu anasema ulikuwa mpango wa Mungu. Mimi nasema Mungu angetaka kunisaidia angenipa jirani daktari. Kwenye kompyuta yake visanduku havikuwa na majina, vilikuwa na namba tu. Lakini aliona kimojawapo kiko upande wetu wa Singida Mjini, huku karibu na Ziwa Kindai, na hapa mtaani ni mtu mmoja tu anayewaonyesha wageni kisanduku cha moyo kama albamu ya harusi.

Baadaye alikuja kunishukuru. Kumbe ile laini haikutakiwa kukubali kuingia kwenye simu yoyote, na ofisini kwao hakuna aliyewahi kujaribu.

"Tulikaa kwenye vikao tukawafikiria majasusi," alisema. "Hakuna aliyemfikiria mtu anayetaka kuangalia mpira."

Nilitembea mtaani kifua mbele siku nyingi kwa sifa hiyo.

Habari za ukoo wake siziandiki, wala alisoma wapi. Siku hizi kwenye nyumba yake anakaa mwalimu mwenye watoto wenye kelele, na kila nikisikia kelele hizo najikuta nautamani ule ukimya wa Injinia ambao zamani ulinitia hofu. Ninachotaka kuandika ni alivyokuwa, kabla sijaanza kuchanganya.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kutembea upande mmoja wa njia kana kwamba upande wa pili umelowa. Kampuni yake ilikuwa na ofisi Dar. Wakati wa korona waliambiwa kila mtu afanyie kazi nyumbani, naye akarudi Singida, na walipoitwa tena yeye hakuitika. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu, na juu ya meza vifaa vya hospitali vimepasuliwa kama samaki wa kukausha: mashine za kupitishia dripu, vipima sukari, viberiti vya moyo kama changu. Kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya vifaa hivyo bila ruhusa. Kifaa kinachosikia amri ya daktari hewani, alisema, kinaweza kusikia na amri ya mtu mwingine. Kazi yake ni kujifanya huyo mtu mwingine, kuutafuta mlango kabla yeye hajaupata, kisha kuwaambia wenzake wauzibe.

"Mimi ni kibaka mwenye mshahara," aliniambia.

Mtaa haukumwelewa. Mama Sabina, jirani wa upande wa pili mwenye mashine ya kukamua alizeti, alimpelekea redio mbovu akamwambia asiharakishe. Siku nyingine kwenye mkutano wa mtaa mtu alimuuliza anafanya kazi gani, akajibu kwa kifupi, "Niko upande wa usalama." Mkutano ukasikia Usalama wa Taifa. Mwenyekiti akafunga kikao mapema, na kesho yake balozi wetu wa nyumba kumi alionekana akimpelekea jogoo. Injinia alimkimbia yule jogoo kuzunguka nyumba, maana majogoo alikuwa akiwaogopa kuliko chui. Mama Sabina ndiye aliyemkamata ndege huyo, na ndiye aliyemla.

Alikuwa na swali moja alilouliza juu ya kila kitu. Ukimwonyesha simu mpya, ukimwonyesha kabati, ukimwambia binti yako amepata mchumba, atasikiliza mpaka mwisho kisha aulize, "Na nani mwingine anaweza kuingia?" Nilipojenga choo kipya chenye mlango wa bati nilimwita aje akione, kama mtu anayeita paroko kubariki. Akafungua, akafunga, akasukuma kwa kidole.

"Kizuri, kaka. Na nani mwingine anaweza kuingia?"

"Injinia, ni choo."

"Najua. Nauliza tu."

Hakuchaji simu yake kwa mtu hata iwe imekufa kabisa. Kamera ya kompyuta aliifunika kwa plasta ya kidonda. Akija kwetu kunywa chai aliangalia kwanza redio, halafu televisheni, halafu simu ya mke wangu, kama mtu anayehesabu mbwa wa nyumba asiyoizoea. Ndipo anakaa.

Lakini huyo huyo alikuwa analala mlango haujafungwa. Hapa ndipo aliponishinda. Funguo zake zilikuwa kwa Mama Sabina, na muuza maziwa alikuwa anaingia mpaka jikoni kwake kumimina maziwa kwenye sufuria, naye yuko chumbani wala hana habari. Wezi waliwahi kumwibia viti vya plastiki mchana, yeye akiwa dirishani anawaona. Akawauliza kama wanataka na meza. Nilimfokea kama baba yake.

"Mtu akija kuniibia namwona, kaka," alinijibu. "Ana miguu, anatoa jasho, na yeye anaogopa. Yule ninayemwogopa mimi yupo nchi nisiyoijua, amekaa kwenye kiti, na hahitaji kuruka ukuta wa mtu."

Alisema hivyo huku anamenya chungwa, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyeacha chungwa langu.

Kitu kingine kilichonitisha kwake ni misibani. Kwetu mtu akifa, majirani tunakwenda, tunakaa, tunakula, tunaondoka. Injinia alikuwa anafika kimya, anasalimia wazee mmoja mmoja kwa adabu zote, anamwinamia mfiwa, kisha anamtafuta ndugu aliyemuuguza marehemu na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Pole sana. Hospitali, alikuwa kwenye mashine gani?" Watu walidhani ni umbea. Wakimjibu kwamba hakuwekwa kwenye mashine yoyote, utaona mabega yake yanashuka, anakaa na wanawake wenzake, anakula ugali wake vizuri na mlenda anaongeza. Asipopata jibu hali kitu. Atashika kikombe cha chai mpaka kipoe, anakitazama tu. Nilimuuliza mara moja anatafuta nini.

"Sitafuti," akasema. "Naomba nisikipate."

Wakati huo niliona ni mtu wa ajabu tu. Kilichonifungua macho ni spika ya kwaya. Kwaya yetu ilikuwa imenunua spika mpya isiyotumia waya, ya kuunganishwa na simu, na mwalimu wa kwaya alikuwa anaizungukia kama ng'ombe wa mahari. Injinia aliwaonya kwamba spika ile inamkubali yeyote aliye karibu. Wakamcheka. Jumamosi ya mazoezi, yeye na mimi tumekaa nje ukutani, akachukua simu yake akabonyeza mara kadhaa. Ndani wameanza wimbo wa toba, na katikati ya toba spika ikabadilika ikaanza kutangaza bei za alizeti kwa sauti kubwa kutoka kwenye kipindi cha wakulima. Wenye sauti ya kwanza wakanyamaza. Wenye besi waliendelea kidogo, maana wale hawasikii kitu.

Mwalimu wa kwaya akatoka nje amefura.

"Injinia, hii ni nyumba ya ibada!"

"Nisamehe, mwalimu. Nilitaka muone."

"Tumeona! Toa hiyo alizeti!"

Nilicheka mpaka nikashika mti. Na nikiwa nimeshika mti, kicheko kikaisha chenyewe. Mkono wangu mwingine ulikuwa kifuani. Nikakumbuka kwamba kila usiku mimi pia nasikilizwa bila waya, na mimi pia napokea. Nikamgeukia Injinia. Yeye hakuwa anacheka hata mwanzo. Alikuwa ananitazama, anasubiri nifike alipokuwa.

"Changu kinamkubali yeyote?" nikauliza.

"Hapana," akasema. Halafu akaongeza, "Si yeyote."

Hilo neno la pili lilinikosesha raha mpaka wakati wa mavuno.

Nimekwisha kusema mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu hata Ikungi hapo jirani ni safari. Sababu ya kupenda nyumbani ni kwamba nyumbani najua kila kitu kilipo na hakuna kinachonishtua. Ule mwaka nyumba ikaniasi, na ilianza kwa Injinia kuacha kuja kunywa chai.

Alizeti zilikuwa zimevunwa, upepo wa Singida umeanza ule wa kukupiga mchanga mpaka kwenye meno. Kila jioni alikuwa anakuja barazani kwetu. Ghafla akawa anaishia getini. Nikimkaribisha, anasema ana haraka. Nikimsogelea, anarudi nyuma. Nikagundua pia kwamba akija hana simu wala ile kompyuta yake, mtu ambaye hata bafuni tulikuwa tunasikia anaongea na Dar.

"Labda unanuka," mke wangu akasema.

Nikaoga. Bado akaishia getini.

Basi nikamvizia kwa Mama Sabina, kwenye foleni ya mafuta, mahali ambapo hawezi kukimbia bila dumu lake.

"Injinia, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, kaka."

"Mbona unanikwepa kama mgonjwa wa surua?"

Akaangalia chini. Mashine ya Mama Sabina ilikuwa inaunguruma, ilibidi aseme karibu na sikio langu, na hata hapo alisimama kwa ubavu, kifua chake hakielekei changu.

"Kuna kitu nimekipata kazini," akasema. "Siruhusiwi kusema."

"Ni kifaa changu?"

"Kaka, usiniulize hilo swali."

Ukimuuliza mtu kama nyumba yako inaungua, akakuomba usimuulize, tayari unasikia harufu ya moshi. Nilishikilia dumu langu nikahisi kile kiberiti chini ya ngozi kama kimegeuka kipande cha barafu. Nikamuuliza kwa nini hasemi basi. Akanijibu kitu ambacho nilikikasirikia wiki nzima, na ambacho ni kweli tupu.

"Mlango ukiwa wazi na bado hujapata fundi, unapita mtaani unatangaza? Na nikikwambia wewe, kaka, nimeuambia mtaa. Wewe huwezi kukaa na siri. Wageni wako wote wanajua kisanduku chako kinavyofunguliwa."

Kumbe alikuwa amekiona kifaa cha aina yangu kikipokea amri yake mezani. Alikizima. Yeye aliye fundi, mwenye vyombo vyote, akakiambia kiache kupiga na kikaacha. Hakunieleza siku ile, alinieleza baadaye. Alisema tangu saa ile hakuweza kukaa karibu na mimi akiwa na kifaa chochote kinachotoa mawimbi, ingawa alijua kwa akili zake zote kwamba simu yake haiwezi kunidhuru. Alijua na aliogopa, vyote kwa pamoja, na hakuona haya kuviweka pamoja.

Mimi woga wangu haukuwa na elimu, kwa hiyo ulikuwa mkubwa zaidi. Kijana wa bodaboda akisimama karibu yangu na simu, navuka barabara. Niliacha kwenda kinyozi kwa sababu ya mashine ya kunyolea, nikafuga nywele kama nabii. Kisanduku cha kando ya kitanda nikakifunika taulo, halafu nikahamia kulala sebuleni, halafu nikarudi chumbani kwa kuogopa kwamba kikinikosa wataniwekea alama ya marehemu. Mwishoni nikachukua sinia la bati la mke wangu nikaliingiza ndani ya koti upande wa kushoto. Nililivaa mpaka kanisani. Tulipofika wakati wa kupiga kifua na kusema tumekosa, likalia. Watu wakageuka. Mke wangu akatazama mbele, kama hanijui.

"Nilidhani nimeolewa na mwanaume," aliniambia nyumbani. "Kumbe nimeolewa na kabati la vyombo."

Lakini usiku huohuo aliniwekea mkono juu ya kile kiberiti na hakuuondoa mpaka asubuhi. Yeye pia alikuwa anasikiliza.

Kisha simu ikapigwa kutoka hospitali Dodoma. Marekebisho yamepatikana, niende kifaa changu kiwekewe maelekezo mapya. Hakuna kuchanwa. Wanaweka kitu kama kipaza sauti juu ya kifua, maelekezo yanaingia, unarudi nyumbani. Nikamuuliza daktari kama kuna hatari. Madaktari wa siku hizi hawadanganyi, na mimi nilikuwa namtaka wa zamani. Akasema ni nadra sana, lakini wakati maelekezo yanaingia kifaa kinaweza kugoma, ndiyo maana kazi hiyo inafanyikia hospitalini na si nyumbani. Wapo watu tayari, kuna mashine nyingine pembeni.

Mimi katika maneno yote hayo nililisikia neno moja tu, kugoma.

Nikasema siendi. Mke wangu akasema utakwenda. Nikasema mlango ukiwa wazi angalau mwizi anaweza asipite, ila fundi nikimwita anaingia kwa hakika. Niliona hoja hiyo ni ya kisomi. Nikaipeleka kwa Injinia nikitegemea anigombeze, maana huyu alikuwa anawafokea mpaka akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa kutosasisha simu zao. Kwake, kifaa kisichosasishwa kilikuwa kama maziwa ya jana.

Siku hiyo aliniruhusu kuingia chumba cha mbele. Meza alikuwa ameifunika kwa khanga.

"Ungekuwa wewe, ungekwenda?" nikamuuliza.

Akainua pembe ya khanga, akanionyesha boksi la kadibodi chini ya meza. Mlikuwa na viberiti kama changu, vingi, vimerundikwa bila mpango.

"Hivi nilivifanyia majaribio ya marekebisho," akasema. "Karibu vyote vilipokea vizuri. Kuna vilivyogoma. Kikigoma nakiweka humu, nachukua kingine." Akaifunika tena meza. "Chako hakipo mezani, kaka. Hakuna kingine."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Sijasema hivyo."

"Nisipokwenda, kuna mtu atakuja Singida kuniua mimi mfuga kuku?"

"Sidhani."

"Hudhani!"

"Kazi yangu hainiruhusu kusema hapana. Sijawahi kusema hapana tangu nianze." Akakaa kitini, akaweka viganja vyake katikati ya magoti. "Nikilala naota nimekwambia uende, umekwenda, kimegoma. Nikigeuka upande wa pili naota sikukwambia, na mtu ameingia. Mimi ndiye niliyeupata ule mlango. Kabla yangu labda hakuna aliyejua upo."

Ilikuwa mara ya kwanza naona kwamba nilikuwa nimemkosea kwa miaka yote hiyo. Nilidhani woga wake ni wa ofisini, anauvaa kama wengine wanavyovaa tai. Kumbe alikuwa ameubeba kwa majina. Wenzake walikuwa na namba kwenye kioo, yeye alikuwa na mimi, ukuta kwa ukuta, nakohoa anasikia.

"Twende wote," nikasema. Sijui nani alinisemesha. "Ukiwepo wewe nitakwenda."

Akanitazama kama nimemwambia ashike jogoo.

"Sawa," akasema, kwa Kiswahili, kisha akaongea maneno mengi kwa Kinyaturu, si kwangu.

Asubuhi ya safari gari la shemeji yake Injinia lilisimama nje ya geti, injini inawaka. Mke wangu alikuwa ametangulia Dodoma tangu jana yake kutuandalia pa kulala kwa dada yake, na nadhani alifanya makusudi, ili nisipate wa kumlalamikia. Mama Sabina alikuja na chapati za njiani, amezifunga kwenye kitambaa, akasimama kando. Injinia alitoka kwake amevaa gauni la kanisani na viatu vinavyofanana. Safari hii alifunga mlango. Nikamwona anaufunga, anausukuma kwa kidole, anausukuma tena. Hilo halikunisaidia.

Tukafika kwenye gari. Yeye akashika kitasa cha mlango wake, mimi cha wangu. Hakuna aliyevuta.

"Umelala?" akaniuliza juu ya paa la gari.

"Kidogo. Wewe?"

"Hapana." Macho yake yalikuwa mekundu. "Kaka, leo upepo ni mkali sana."

"Nimeuona."

"Upepo huu unakata umeme. Njia nzima mpaka Dodoma."

"Hospitali wana jenereta," nikasema, nikitumaini atanipinga.

"Jenereta nayo inachukua muda kidogo kuwaka." Akatazama barabara. "Na Ikungi leo ni mnada. Ng'ombe watakuwa barabarani. Tukichelewa watatufanyia kwa haraka, na mimi sitaki wafanye kwa haraka."

"Hata mimi sitaki."

"Tunaweza kuwapigia. Tuseme wiki ijayo."

"Au mwezi ujao," nikasema, na nikahisi kifua chote kinafunguka. "Upepo utakuwa umetulia."

"Mwezi ujao ni vizuri zaidi."

Akaachia kitasa. Na mimi nikaachia changu. Shemeji yake akazima injini, akaegemea usukani. Injinia alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mavuno, tabasamu la mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepewa ruhusa, na mimi nilikuwa namrudishia lile lile, watu wazima wawili tunachekeana juu ya paa la gari. Nikasema basi tuingie ndani, tunywe chai. Akasema ndiyo, leo atakaa.

Mama Sabina akazunguka gari. Akafungua mlango wangu, akatupa zile chapati kwenye kiti, akazunguka tena akafungua na wa Injinia. Kisha akasema:

"Mimi kwenye msiba wa mtu aliyekufa akisubiri upepo utulie sipiki. Pandeni gari."